Je, Mtoa Msaada Anadhamini?



Ndugu msomaji, swali ninalolileta katika ukurasa huu ni jepesi kulitamka na zito kulijibu. Mtu amepeleka chakula kwa wenye njaa. Nia yake ni safi, na hakuiba hata kilo moja. Lakini kwa namna alivyokigawa, majirani waliokuwa wakivumiliana wakaanza kuchukiana, na chuki ile ikaja kumwaga damu. Je, mtu huyu ana dhima yoyote mbele ya Allah (s.w.) na mbele ya watu? Au nia yake inamtosha?

Naliuliza kwa sababu wengi wetu tutaifanya kazi hiyo. Mimi nasoma masomo ya maendeleo, wenzangu wanasoma sosholojia, uuguzi, lishe, uhasibu na mipango. Tukimaliza, mwajiri wa kwanza kwa baadhi yetu atakuwa shirika la misaada. Na vita vilivyo karibu nasi zaidi kwa upande wa kusini viko ng'ambo ya mto Ruvuma, katika pwani ya kaskazini ya jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji. Sisi tuliozaliwa Mtwara hatuwaiti watu wa huko wageni. Kimwani chao na Kiswahili chetu ni ndugu, na Palma wapo wanaozungumza Kiswahili kama sisi. Shirika likitafuta vijana wa kufanya kazi huko, litatutazama sisi.

Kwanza tukumbushane yaliyotokea. Tarehe 5 Oktoba 2017 watu wenye silaha walivamia vituo vya polisi katika mji wa Mocímboa da Praia. Wenyeji wakawaita mashababi. Baada ya hapo vijiji vya Palma, Macomia, Quissanga na kwingineko vikachomwa, watu wakachinjwa, wasichana na wavulana wakatekwa. Agosti 2020 wapiganaji hao waliuteka mji wa Mocímboa da Praia pamoja na bandari yake, wakaushika kwa takriban mwaka mzima. Oktoba ya mwaka huo walivuka mto na kushambulia kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu Mtwara. Tarehe 24 Machi 2021 waliingia Palma, karibu na mradi mkubwa wa gesi wa Afungi. Julai 2021 vikaja vikosi vya Rwanda na vya nchi za SADC, na mwezi uliofuata Mocímboa da Praia ikakombolewa. Hata hivyo vita havikuisha. Mei 2024 mji wa Macomia ulivamiwa tena.

Mwishoni mwa 2022 idadi ya waliokimbia makazi yao ilipita milioni 1. Ili uone uzito wa hesabu hiyo, sensa ya 2017 ilihesabu watu wapatao milioni 2.3 tu katika jimbo zima. Na kabla ya hapo, Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilikuwa kimekwisha kupiga pwani hiyohiyo. Mwaka 2020 mashua zilizojaa watu zilikuwa zikitia nanga ufukweni Paquitequete, mjini Pemba, siku baada ya siku. Wengi wa waliokimbia hawakwenda kambini. Walipokewa na ndugu, na mara nyingine na watu wasiowajua, katika nyumba ambazo zenyewe hazikuwa na akiba.

Hapo ndipo mtoa msaada anapoingia, na gari lake, fomu zake na magunia yake. Anaona njaa, naye amekuja kuiondoa. Lakini ardhi anayoikanyaga ina historia ambayo yeye haioni.

Kwa picha ya jumla, Wamwani wa pwani ni Waislamu, wavuvi na wachuuzi. Wamakonde wa nyanda za Mueda wengi wao ni Wakatoliki. Wamakua ndio wengi zaidi jimboni, na wamo Waislamu na Wakristo. Nasema kwa picha ya jumla, kwa maana wapo Wamakonde Waislamu, na ndoa zimechanganya damu kila mahali. Vita vya ukombozi vilianzia katika jimbo hilihili, Chai, tarehe 25 Septemba 1964, na Wamakonde wengi walipigana. Baada ya uhuru, wapiganaji wa zamani walipata heshima, vyeo na pensheni. Watu wengi wa pwani wakahisi kwamba wao wameachwa nyuma katika nchi yao. Mwaka 2005, baada ya uchaguzi mdogo wa meya, Mocímboa da Praia ilikumbwa na ghasia zilizoua watu, na mstari wa vyama ulikaribiana mno na mstari wa makabila. Hayo yalitokea miaka 12 kabla ya mashababi.

Kisha ikaja gesi, iliyogunduliwa baharini mwaka 2010. Ili mradi upate ardhi pale Afungi, mamia ya familia zilihamishiwa kijiji kipya cha Quitunda, na miongoni mwao wamo wavuvi waliokuwa wakilala hatua chache kutoka kwenye ngalawa zao. Vijana wa Palma walilalamika kwamba kazi zinachukuliwa na watu kutoka Maputo na kusini. Watafiti bado wanabishana kipi hasa kiliwasha moto: umaskini, kutengwa, gesi, magendo au mafundisho potofu ya dini. Ni haki pia kusema kwamba masheikh wa jimbo hilo walibishana na kundi hilo misikitini na kulilalamikia serikalini kabla ya 2017. Wanaoua kwa jina la dini yetu walianza kwa kuwapinga Waislamu wenzao.

Sasa rudi kwenye gunia la mahindi. Shirika linahitaji orodha ya majina. Nani ataiandika? Mara nyingi ni katibu wa mtaa au mkuu wa kijiji, mtu mwenye ndugu zake, chama chake na madeni yake. Shirika linataka kitambulisho. Lakini aliyekimbia usiku huku nyumba ikiungua hana kitambulisho, na kijana wa pwani asiye na kitambulisho katika wilaya ya ugenini anaweza kudhaniwa kuwa ni mmoja wa mashababi. Basi sharti dogo la ofisini, lililowekwa ili kuzuia wizi, linawaacha nje waliopoteza kila kitu. Shirika linatoa maelezo kwa Kireno, na mama wa Kimwani aliyekaa nyuma haambulii kitu. Magunia yanashushwa kwa wageni tu, na mwenyeji aliyewapokea watu 12 chini ya paa lake, akagawana nao muhogo wake mpaka ukaisha, anatazama lori likiondoka. Huyu naye ni maskini. Kesho yake atawaambia wageni wake nini?

Hakuna katika hayo aliyekusudia ubaya. Na hakuna hata moja linalohitaji uchawi kulitambua. Mtu angeuliza tu, angejua.

Ndiyo maana siku hizi mashirika yanawafundisha watumishi wao kujenga amani na kutoa misaada kwa kuuzingatia mgogoro uliopo. Asili ya mafunzo hayo inatukaribia sisi watu wa Afrika Mashariki. Julai 1994 watu zaidi ya milioni moja walikimbia kutoka Rwanda na kuingia Zaire, na miezi michache kabla yao mamia ya maelfu walikuwa wamevuka daraja la Rusumo hadi kambi ya Benaco, wilayani Ngara, nchini kwetu. Goma kipindupindu kiliua makumi ya maelfu. Dunia ikaleta maji, dawa na chakula, na kwa hakika watu wengi waliokolewa. Lakini miongoni mwa wakimbizi walikuwemo viongozi na wanamgambo waliosimamia mauaji ya kimbari. Orodha za chakula zilipita mikononi mwao. Walizidisha idadi ya watu, wakauza ziada, wakawatoza raia, wakajipanga upya kwa vita. Novemba 1994 tawi la Ufaransa la Madaktari Wasio na Mipaka liliondoka katika kambi za Zaire kwa kukataa kuwa sehemu ya jambo hilo. Mashirika mengine yalibaki, yakisema mtoto mwenye njaa hana kosa.

Mwaka 1999 mwanamama wa Kimarekani, Mary B. Anderson, alichapisha kitabu kilichobeba fundisho la miaka hiyo kwa maneno mawili: usilete madhara. Alifundisha kwamba katika kila jamii iliyo vitani kuna mambo yanayowagawa watu na mambo yanayowaunganisha, na kwamba msaada hauwezi kupita katikati bila kugusa upande mmoja au mwingine. Katika pwani ya Cabo Delgado, ardhi, ajira na kumbukumbu za vita vinagawa. Soko, ndoa, na samaki wakavu wanaopanda nyanda za juu kubadilishana na mazao ya shamba, vinaunganisha. Mwenye kuleta msaada anaweza kulisha soko hilo au akaliua.

Nilipata kukaa katika semina moja ya namna hiyo, siku tatu, mjini Mtwara. Tuligawanywa katika makundi na kupewa zoezi: magunia 200, kijiji chenye kaya 300, nusu wenyeji na nusu waliokimbia. Gaweni. Kundi moja lilimaliza kwa dakika kumi. Mwalimu akawauliza lori litaegeshwa kwenye kiwanja cha nani, nani atalipwa kupakua, na bei ya mahindi sokoni itakuwaje wiki ijayo. Wakarudi kuketi. Lilikuwa zoezi zuri. Kufikia siku ya pili ubao ulikuwa umejaa mishale, makabila, vyama na dini.

Siku ya tatu alialikwa mzee mmoja, mchuuzi wa samaki, mzaliwa wa Palma. Tulimwamkia, akaitikia marahaba, akautazama ule ubao kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Wanangu, makabila yetu mmeyaandika vizuri kabisa. Sasa mtu akija na njaa yake, mtamwuliza kwanza yeye ni kabila gani?" Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akaendelea: "Mimi nilioa Mmakonde. Watoto wangu wamo kwenye mshale upi hapo?"

Swali la mzee yule limenikaa kichwani kuliko semina nzima, kwa sababu linaonyesha hatari iliyomo ndani ya dawa yenyewe. Tukijifunza migawanyiko ya watu kisha tukaiingiza katika fomu zetu, tutakuwa tumeipiga mhuri. Jambo lililokuwa minong'ono litakuwa safu katika dodoso. Mtumishi anatakiwa aijue historia ya ugomvi kama daktari anavyoijua sumu: aijue sana, na asiimwage. Ajue kwa nini Mmwani anaogopa kuandikisha jina lake, lakini fomu yake isimwulize kabila. Ajue nani ni ndugu wa katibu wa mtaa, lakini asimtangazie ufisadi mkutanoni kabla ya kuhakikisha.

Tuje sasa kwenye swali lenyewe: je, anadhamini?

Jibu la kwanza wanalolitoa watu wengi ni la nia. Hadithi ya nia sote tuliihifadhi tukiwa wadogo madrasa, na ni nguzo katika dini yetu. Lakini tusiibebeshe isichokibeba. Sheria yetu inatenganisha dhambi na dhamana. Aliyeua kwa bahati mbaya hakukusudia, na hahesabiwi kama muuaji wa makusudi. Pamoja na hayo Suratun Nisaa imeweka juu yake kafara, na diya kwa ahali wa marehemu. Nia imemwondolea jina la muuaji wa kukusudia, haikuwaondolea wafiwa haki yao. Kwa nini? Kwa sababu msiba wao ni msiba uleule, awe aliyeusababisha alikusudia au hakukusudia.

Ulio karibu zaidi na suala letu ni mfano wa tabibu. Katika Sunan ya Abu Daud na vitabu vingine imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) hukumu ya mtu anayejitia utabibu ilhali hajulikani kwa utabibu: akidhuru, anadhamini. Mafakihi wakaifafanua. Tabibu mjuzi aliyefuata taratibu za fani yake, kisha mgonjwa akafa, hana dhamana. Asiyejua, hata kama alikuwa na huruma na machozi yalimtoka, anayo. Tofauti kati ya hawa wawili haimo katika moyo, kwani huenda wa pili ana moyo mwema kuliko wa kwanza. Tofauti imo katika ujuzi, na katika kuthubutu kumgusa mgonjwa bila ujuzi huo.

Mimi naona mtoa msaada katika nchi iliyo vitani ni tabibu wa namna hiyo. Anaugusa mwili wenye jeraha. Anaamua nani ale, nani aajiriwe, kisima kichimbwe upande upi, nani awe mkalimani. Maamuzi hayo ni kisu. Mwenye kukishika na ajifunze kwanza.

Mtu atasema: lakini hakujua. Naam, ujinga ni udhuru katika dini yetu, ila si kila ujinga. Aliyesilimu jana katika kisiwa kisicho na mwalimu anasamehewa asilolijua. Anayeishi jirani na msikiti na wanazuoni, akashindwa kuuliza kwa uvivu au kiburi, hasamehewi vivyo hivyo. Sasa mtazame mtumishi wa misaada aliyekaa Pemba miaka miwili. Ana gari, mkalimani, posho na intaneti. Wazee wako barazani, wauza samaki wako sokoni, akina mama wako kisimani, na hakuna anayekataa kuulizwa. Kama baada ya miaka miwili bado hajui kwa nini watu wa mtaa fulani hawajiandikishi, kutojua kwake kumekuwa uamuzi. Kwa hiyo jibu langu ni hili: anadhamini yale ambayo angeyajua kama angeuliza. Asiyoweza kuyajua hata angeuliza, hayo Allah ndiye Mwingi wa kusamehe, na watu nao wanapaswa kusamehe.

Zipo hoja tatu zinazopinga, nami nazichukulia kwa uzito.

Ya kwanza: mwenye njaa hawezi kusubiri uchambuzi. Ni kweli. Mashua inapotia nanga Paquitequete na mtoto hajala siku tatu, mpe uji, mengine baadaye. Dharura inahalalisha. Lakini mafakihi hao hao wametufundisha kwamba dharura hupimwa kwa kiasi chake. Vita hivi vimepita mwaka wa saba. Orodha iliyoandikwa kwa haraka usiku wa kwanza inasameheka. Orodha hiyohiyo ikitumika mwaka wa tatu, na wale walioachwa nje wakiwa bado nje, hiyo tusiiite dharura.

Ya pili: tukisema mtoa msaada anadhamini, tunamtwisha mzigo wa waliochoma vijiji. Hapana. Dhima ya mchinjaji ni yake, na haipungui hata punje kwa sababu mwingine aligawa mahindi vibaya. Hali kadhalika walioamua juu ya ardhi, gesi na ajira watajibu kwa maamuzi yao. Nami naongeza tahadhari: kuna hatari ya semina za amani kugeuka kuwa njia ya kukwepa haki. Kijana analipwa posho ahudhurie mafunzo ya kuvumiliana, ilhali anachokidai ni kazi na bahari ya kuvua, na vyote viwili viko mikononi mwa watu wasiohudhuria semina. Suratul Hujurat inapoamrisha kusuluhisha baina ya makundi mawili yanayopigana, inaifunga suluhu na uadilifu. Mtumishi wa misaada na aujue mpaka wake, wala asimwahidi mtu amani ambayo hana uwezo wa kuitoa.

Ya tatu ndiyo nzito zaidi: ikiwa msaada unaweza kudhuru, si afadhali kuondoka, kama walivyoondoka wale madaktari wa Goma? Kanuni ya fiqhi inasema kuzuia madhara hutangulizwa mbele ya kuleta manufaa. Lakini kumwacha mwenye njaa nako ni madhara, kwa hiyo kanuni hiyo haitupi ruhusa ya kufunga mizigo. Inatudai tupime. Waliondoka Goma walikuwa wamepima, na wapo waliobaki ambao nao walikuwa wamepima, na sithubutu kuwahukumu wala hawa wala wale. Ama Cabo Delgado, sijaona hoja ya kuondoka. Naiona hoja ya kubadilisha namna. Mgao uwahusu na wenyeji waliopokea watu. Asiye na kitambulisho ashuhudiwe na majirani. Orodha isomwe hadharani kwa lugha ya watu kabla lori halijafika, na kuwe na mtu wa kupokea malalamiko ambaye si yuleyule aliyeiandika. Tena zifikiriwe hatari za usalama: mashine ya boti ni riziki kwa mvuvi, lakini ikiibwa na wapiganaji inakuwa farasi wa vita. Wavuvi wenyewe waulizwe kabla ya kununuliwa.

Liko jambo linalotuhusu sisi wa jumuiya moja kwa moja. Muhula huu, katika kikao chetu, lilitolewa pendekezo la kuwachangia waliokimbia vita huko Cabo Delgado. Wazo jema. Ndugu mmoja akashauri mchango wetu wapewe Waislamu peke yao, kwa kuwa ni wa Waislamu. Alisema kwa mapenzi, na kwa upande wa zaka ana hoja, maana zaka ina mafungu yake manane na maulamaa wengi hawaitoi kwa asiye Muislamu isipokuwa katika fungu la wanaolainishwa nyoyo. Lakini sadaka ni pana zaidi. Suratul Insan inawasifu wanaomlisha maskini, yatima na mateka, na wafasiri wengi wamekumbusha kwamba mateka wa zama hizo walikuwa makafiri waliokuja kupigana.

Sasa weka pendekezo hilo juu ya ardhi tuliyoieleza. Katika kijiji chenye wakimbizi Wamwani na Wamakonde waliolala njaa usiku mmoja, chini ya mwembe mmoja, magunia yanakuja na bango la Kiislamu na kuwaruka wasiosali. Watu hao wamechomewa nyumba na wauaji wanaotamka jina la Allah. Tutakuwa tumewathibitishia nini kuhusu dini yetu? Na yule Mmwani aliyepokea gunia letu, kesho atakaa vipi na jirani yake? Mchango wetu ungekuwa halali katika mizani ya nani anastahiki, na ungekuwa na madhara katika mizani ya unaleta nini. Kwa maoni yangu zaka iende kwa wenye zaka kupitia watu wa huko wanaowajua mafukara wao, na sadaka ya hiari iwalishe wote waliokaa chini ya mwembe ule, bila bango.

Kutokana na hayo, nikiulizwa mafunzo ya watumishi wa misaada yawe vipi, sitaanza na mishale ya ubaoni, ingawa ina faida yake. Nitaanza na lugha. Anayekwenda kufanya kazi pwani ile ajifunze Kimwani au Kimakua cha kutosha kusikia lalamiko bila mkalimani. Sisi wa Kiswahili tumeshafika nusu ya safari ya Kimwani, na hiyo ni neema inayotudai shukrani. Pili, muda: awasikilize watu kabla ya kuandika bajeti. Tatu, walimu wa mafunzo watoke huko, wachuuzi, maimamu, makatekista na akina mama wanaoendesha vikundi vya kukopeshana, walipwe kama wataalamu wanavyolipwa. Nne, afundishwe kumwambia mkuu wake wa kazi kwamba jambo fulani litaleta madhara, hata kama fedha za mfadhili zinakaribia kuisha muda. Bila hilo la nne, hayo matatu yatabaki katika ripoti.

Suratul Baqara inatuonya kwamba sadaka inaweza kubatilishwa na masimango na maudhi yanayoifuata. Tumezoea kuielewa kwa mtu mmoja na maskini wake mmoja: usimsimange uliyempa. Naona inafaa tuielewe pia kwa lori na kijiji. Maudhi yanayofuata sadaka yanaweza kuwa orodha iliyowaacha wajane nje, au kisima kilichochimbwa kwa mkubwa, au mwenyeji mkarimu aliyefanywa mtazamaji nyumbani kwake. Tutakapopata ajira hizo tunazoziomba, insha'Allah, tusihesabu magunia tuliyoyashusha tu. Turudi kijijini baada ya mwezi, tukae barazani, tuulize wanaishije sasa na jirani zao. Na jibu likiwa baya, tubaki tulirekebishe.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.